Land Rover au Land Cruiser? Ulinganisho wa magari mawili makongwe ambayo bado hayajastaafu

MAGARI mawili yamebeba sehemu kubwa ya historia ya barabara mbovu za nchi hii: Land Rover ya Uingereza na Toyota Land Cruiser ya Japan. Yamewabeba machifu na polisi, wagonjwa na masanduku ya chanjo, mitungi ya maziwa na ndama, watalii na maiti. Yale yaliyoundwa miaka 40 au 50 iliyopita yangali yakifanya kazi katika sehemu nyingi za mashambani, na hadi leo kuna mkulima, shule au chama cha wauza maziwa kinachopiga hesabu ya kununua moja.

Hesabu hiyo si ya mchezo. Gari kuukuu mara nyingi hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha ushirika. Mnunuzi akikosea, gari huishia juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitaga vitini, huku mkopo ukiendelea kulipwa kila mwisho wa mwezi.

Isitoshe, magari yenyewe hayaongezeki. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) haziruhusu kuingizwa nchini kwa magari ya mtumba yaliyozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo anayetaka gari la aina hii hana budi kuchagua miongoni mwa yale yaliyokwisha kuwamo nchini, na mengi yamepitia mikononi mwa wenyewe kadhaa.

Makala haya yanalinganisha aina mbili zinazokutana mara kwa mara sokoni: Land Rover ya Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, na Land Cruiser ya familia ya 40, iliyoundwa kuanzia 1960 hadi 1984. Jibu la haraka ni kwamba Land Cruiser ina nguvu zaidi na huharibika mara chache, ilhali Land Rover hutumia mafuta kidogo kuliko mwenzake, hurekebishwa kwa urahisi, na bodi yake haili kutu kama ya mpinzani wake. Hata hivyo, jibu lililo kamili hutegemea mahali ambapo gari litalala na umbali uliopo hadi kwa fundi.

Asili ya magari haya

Land Rover ilizaliwa kutokana na uhaba. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kampuni ya Rover ilikosa chuma cha kutosha, kwani Serikali ya Uingereza ilikuwa ikikigawa kwa mizani. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa akitumia gari la kijeshi la Jeep katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, na akaamua kuunda gari la mkulima lenye uwezo kama huo. Bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu hiyo ndiyo iliyopatikana. Gari lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mnamo Aprili 30, 1948.

Land Cruiser nayo ilitokana na mahitaji ya askari. Mwaka 1951 Toyota iliunda gari lililoitwa BJ, na mwaka 1954 ikalipa jina la Land Cruiser. Familia ya 40 iliyofuata mwaka 1960 ndiyo iliyoifanya Toyota ijulikane ulimwenguni kote kwa magari ya aina hii. Tofauti na Waingereza, Wajapani walitumia chuma mwili mzima, wakaweka injini kubwa iliyolingana na lori dogo.

Nchini Kenya, Land Rover ndiyo iliyotangulia. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, tayari ilikuwa chombo cha kawaida cha polisi na maafisa wa utawala wa kikoloni. Baada ya Uhuru ikarithiwa na utawala wa mikoa, idara za kilimo na mifugo, na walinzi wa wanyamapori. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland Kenya kilijengwa Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa humo humo nchini. Kiwanda hicho ndicho kiitwacho leo Kenya Vehicle Manufacturers. Ndiyo maana mafundi wengi wa rika la wazee walijifunzia kazi yao chini ya Land Rover.

Injini na mwendo

Katika suala la nguvu, tofauti ni kubwa. Land Rover nyingi za Series III zina injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita mchemraba 2,286, yaani takriban lita 2.25, na hutoa nguvufarasi zipatazo 70. Ile ya dizeli yenye ujazo huo huo hutoa takriban 62. Ilikuwapo pia injini ya petroli ya silinda sita, lita 2.6, iliyowekwa katika magari marefu hadi mwaka 1980.

Land Cruiser ya petroli ina silinda sita. Injini iliyoitwa F ilikuwa na ujazo wa lita 3.9, na ile ya 2F iliyoifuata katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na lita 4.2. Kiwanda kilitaja nguvufarasi kati ya 125 na 135. Vipimo vya Uingereza na vya Japan katika enzi hizo havikufanana, lakini hata tofauti hiyo ikizingatiwa, Toyota inabaki na nguvu karibu mara moja na nusu ya Land Rover.

Maana yake kwa dereva huonekana mlimani. Gari likiwa na shehena ya viazi likipanda kutoka Mai Mahiu, Land Rover huingizwa gia ya pili mapema na kubakia hapo, injini ikinguruma. Land Cruiser hupanda kwa utulivu zaidi. Kwenye lami tambarare, Land Rover hufikia kilomita 105 kwa saa kwa taabu, na huwa na raha zaidi kati ya 70 na 80. Land Cruiser ya 2F inaweza kukaribia 130, ijapokuwa springi na matairi ya gari la umri huo hayamshauri mtu mwenye busara kujaribu.

Kwa upande wa dizeli, Toyota ilikuwa na chaguo pana. Mwaka 1974 ilileta injini ya silinda nne yenye lita 3.0, na kwa magari marefu ikatumia silinda sita za lita 3.6 na baadaye lita 4.0. Hii ya mwisho, iitwayo 2H, ina sifa ya kudumu miaka mingi mradi mafuta ya injini yabadilishwe kwa wakati na radieta isikauke. Dizeli ya Land Rover ni mnyonge ikilinganishwa nayo, lakini haina haraka ya kufa.

Jambo moja linayaunganisha magari yote mawili. Injini zake huvuta vizuri zikizunguka polepole, na hilo ndilo linalohitajika mtu anapotambaa juu ya mawe au anapojitoa katika tope. Ikumbukwe pia kwamba injini ya petroli huzimika mara maji yanapoingia kwenye distribyuta, kwa kuwa hapo ndipo cheche zinapogawiwa. Injini ya dizeli haitegemei cheche. Kwa anayevuka laga za kaskazini wakati wa mvua, tofauti hiyo ina uzito kuliko nguvufarasi 20.

Gia, ekseli na safari ya matopeni

Yeyote aliyewahi kuendesha Land Rover ya zamani anakumbuka vifundo viwili kando ya gia: cha manjano na chekundu. Cha manjano hubonyezwa ili magurudumu ya mbele nayo yasukume. Chekundu huvutwa ili kuingia gia za nguvu, ambazo hupunguza mwendo na kuzidisha uwezo wa kuvuta. Series III ndiyo Land Rover ya kwanza ambayo gia zake zote nne za kwenda mbele huingia bila kusagana. Katika zile za kabla yake, gia ya kwanza na ya pili zilimtaka dereva awe na ujuzi wa kupima mwendo kwa sikio.

Udhaifu mkubwa wa Land Rover fupi ni shafti za ekseli ya nyuma. Ni nyembamba, na dereva mwenye mguu mzito huzikata, hasa gari likiwa na mzigo na gurudumu moja likinasa ghafla baada ya kuteleza. Katika Series III ndefu kiwanda kiliweka ekseli ya nyuma iliyo nzito zaidi, iitwayo Salisbury, na tatizo hilo likapungua sana.

Lakini waliounda gari hilo waliacha mlango wa kutokea. Uzito wa gari haubebwi na shafti hiyo bali na nyumba ya ekseli. Kwa hiyo dereva hufungua bolti za kitovu cha gurudumu, akachomoa shafti bila hata kupiga jeki. Akishaondoa shafti za pande zote mbili, huingiza magurudumu ya mbele kazini na kurudi nyumbani yakivutwa hayo tu. Kipande kilichobaki ndani hutolewa baadaye na fundi.

Land Cruiser huepuka tatizo hilo kwa unene. Shafti zake, giaboksi yake na difu zake ni nzito kuliko za Land Rover, na ndiyo sababu gari fupi la Toyota huwa na uzito wa tani 1.6 au zaidi, ilhali Land Rover fupi huwa na takriban tani 1.4. Zile za mwanzo zilikuwa na gia tatu tu, na gia ya nne ikaongezwa katikati ya miaka ya 1970. Anayenunua afadhali achague yenye gia nne, kwani pengo kati ya gia tatu za zamani humchosha dereva mlimani.

Katika udongo mweusi wa Narok au Mwea, ambao hunata kwenye matairi kama ugali mbichi, hakuna mshindi wa moja kwa moja. Uzito mdogo humsaidia Land Rover asizame, na nguvu humsaidia Land Cruiser ajikwamue. Mara nyingi matairi na akili ya dereva ndiyo huamua.

Bodi, chesisi na kutu

Hapa Land Rover hupata alama zake. Alumini haishiki kutu nyekundu. Aidha, mabamba mengi ya bodi yamefungwa kwa bolti, kiasi kwamba bawa la mbele lililopondwa huweza kutolewa na kuwekwa jingine mchana mmoja. Milango na paa navyo hutoka. Mtu mmoja mwenye spana na subira anaweza kulivua gari hilo nguo zote.

Hata hivyo, sifa hiyo imewaponza wengi. Bodi ni ya alumini, lakini chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma. Vitu hivyo viwili huoza kimya kimya huku bodi iking'aa. Vilevile, palipo na unyevu wa chumvi, alumini inapogusana na chuma hugeuka unga mweupe. Mnunuzi asidanganywe na rangi. Ni lazima alale chini ya gari.

Land Cruiser huoza waziwazi. Sehemu zinazoanza ni mifereji ya paa, sakafu chini ya miguu ya dereva, kizingiti cha mlango wa nyuma na mabamba ya nyuma ya magurudumu. Chesisi yenyewe ni nene na hudumu. Kwa hiyo si ajabu kukuta gari lenye chesisi na injini nzima chini ya bodi iliyotobokatoboka. Kushona bodi hiyo kwa moto wa kulehemu ni kazi inayowezekana, ila ikifanywa kwa pupa huoza upya baada ya mvua mbili.

Kutokana na hayo, Land Cruiser iliyokaa maisha yake Isiolo au Garissa, ambako hewa ni kavu, mara nyingi ina bodi nzuri kuliko iliyokaa Kilifi au Mombasa. Kabla ya kuuliza bei, uliza gari limekaa wapi.

Springi, breki na starehe

Magari yote mawili yana springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Springi hizo hubeba mzigo mzito na hushonwa upya na fundi yeyote mwenye mfua, lakini haziwahurumii abiria. Kwenye barabara ya changarawe iliyokunjamana kama bati, yote mawili hutikisa meno.

Breki za Series III ni za dramu pande zote nne. Zikilowa maji ya mto hupoteza nguvu hadi zikauke, na katika mteremko mrefu hupata joto na kulegea. Land Cruiser nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zilipewa breki za diski mbele, ambazo hustahimili maji na joto kwa ubora zaidi. Kwa anayeishi Marakwet, Taita au Nyambene, hilo ni suala la uhai.

Kwa starehe, dereva wa Land Rover huketi akiwa amebanwa na mlango, kiwiko kikikosa pa kukaa. Vumbi huingia kila upenyo, na mvua hufuata. Land Cruiser ina nafasi kidogo zaidi mbele, lakini haistahili kuitwa gari la starehe.

Katika kubeba watu na mizigo, Land Rover ndefu inashinda kwa ubunifu. Ilitolewa kama pikapu, kama gari la mizigo lililofunikwa, na kama gari la abiria lenye viti 10 au 12. Ndiyo moja ya sababu zilizofanya mji wa Maralal katika Kaunti ya Samburu ujulikane kwa Land Rover kuukuu zilizodumu kubeba abiria na bidhaa kwenda vijiji ambavyo magari mengine yaliviogopa. Pikapu ndefu ya Land Cruiser nayo hubeba takriban tani moja bila kulalamika, na kwa mzigo wa kila siku injini yake haichoki upesi.

Mafuta

Land Rover ya petroli iliyotunzwa hutembea kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Land Cruiser ya petroli hutembea kilomita 4 hadi 5. Wengi huiona tofauti hiyo kuwa ndogo, kwa hiyo na tuipigie hesabu.

Chukua chama cha wakulima kinachosafirisha maziwa kilomita 60 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa kilomita 5 kwa lita, Land Rover itatumia lita 12 kwa siku. Kwa kilomita 4 kwa lita, Land Cruiser itatumia lita 15. Tofauti ni lita 3 kwa siku, lita 18 kwa wiki, na lita 936 kwa mwaka. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya petroli ya siku hiyo, kisha uamue kama nguvu ya ziada ya Toyota inastahili gharama hiyo. Kwa njia tambarare huenda isistahili. Kwa milima na mzigo mzito, Land Rover hulazimika kukaa katika gia ya chini muda mrefu, na pengo hilo hupungua.

Vipuri na mafundi

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kipuri bila fundi anayekijua ni chuma tu, na fundi bila kipuri ni mzungumzaji.

Vipuri vya Land Rover vingali vikitengenezwa na makampuni huru nchini Uingereza na kwingineko, kwani magari haya yana wapenzi duniani kote. Hapa nchini, vilivyotumika hupatikana Nairobi katika maduka na gereji za Kirinyaga Road na Grogan. Tatizo ni ubora. Kipuri cha bei nafuu kisichokuwa cha kiwandani huweza kudumu miezi michache, na cha rahisi hatimaye huwa ghali.

Toyota ina faida ya mtandao mpana wa wauzaji na mafundi. Vilevile familia ya 70, iliyoingia mahali pa ile ya 40 mwaka 1984, ingali ikiundwa, na kwa hiyo ujuzi wa mafundi haujapotea, ingawa si kila kipuri cha gari jipya huingia katika la zamani. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kwamba itaunda upya baadhi ya vipuri vya familia ya 40 ambavyo vilikuwa vimeadimika.

Kuna jambo dogo ambalo wanunuzi hulisahau. Bolti na nati nyingi za Land Rover ya Series III hupimwa kwa inchi, ilhali za Toyota hupimwa kwa milimita. Fundi kijana wa jua kali ana spana za milimita. Akitumia spana isiyolingana, hulainisha pembe za nati, na kazi ya dakika 10 hugeuka ya siku nzima. Anayenunua Land Rover ajinunulie pia seti ya spana za inchi na aiweke chini ya kiti.

Jingine ni injini za kupandikiza. Land Rover nyingi nchini hazina tena injini zilizozaliwa nazo. Wenyewe wamezitoa na kuweka za dizeli za Isuzu, Nissan au Toyota. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hutoa gari lenye faida za pande zote mbili. Ikifanywa vibaya, giaboksi ya zamani husagika kwa nguvu ambayo haikuundwa kuistahimili. Isitoshe, badiliko la injini lazima liandikishwe katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), la sivyo mnunuzi hurithi kesi pamoja na gari.

Kwa nini Land Cruiser ilishinda

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa Land Rover ilitangulia na ilikuwa na kiwanda Thika, mbona ikapitwa?

Dalili za kwanza zilionekana Australia mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mradi mkubwa wa mabwawa ya umeme wa Snowy Mountains. Land Rover ndizo zilizokuwa zikitumika, kisha mkandarasi Leslie Thiess akaleta Land Cruiser. Wajapani walisikiliza malalamishi ya madereva wa pale na kuimarisha gari lao.

Katika miaka ya 1970, Land Rover ilikuwa chini ya kampuni ya British Leyland, iliyoandamwa na migomo na uhaba wa fedha hadi ikatwaliwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1975. Fedha za kuboresha gari zilikosekana. Wateja wa Afrika na Australia walitaka injini kubwa na ekseli nene, nao waliendelea kupewa lita 2.25. Land Rover ya springi za koili, iliyoitwa 110, ilipokuja mwaka 1983, sehemu kubwa ya soko ilikwisha kuhama.

Mashirika ya misaada yalipofurika katika Pembe ya Afrika katika miaka ya 1980 na 1990, yalitaka gari ambalo dereva angeweza kuliendesha mwezi mzima mbali na gereji. Yalichagua Land Cruiser. Serikali ya Kenya ilibaki na Land Rover kwa muda mrefu zaidi, hasa katika polisi, lakini tangu mpango wa kukodisha magari ya polisi uanze mwaka 2013, Land Cruiser imekuwa sura ya kawaida mbele ya vituo. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliunda gari la mwisho la ukoo wa zamani wa Land Rover mnamo Januari 29, 2016.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizomo katika rekodi za NTSA. Pasipolingana, ondoka.

Pili, kwa Land Rover, chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa sehemu ya nyuma kabisa na zinapofungwa springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Kisha inua zulia ukague ukuta wa chuma karibu na miguu.

Tatu, kwa Land Cruiser, funua sakafu na chungulia mifereji ya paa. Rangi mpya iliyopakwa nene pembezoni ni ya kutiliwa shaka.

Nne, washa injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokwisha huonyesha mafuta ya injini yanaungua. Fungua kifuniko cha mafuta, na ukiona ute mweupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

Tano, endesha gari mlimani. Shuka kwa gia bila kukanyaga klachi na uone kama gia inaruka. Baadaye ingiza magurudumu ya mbele na gia za nguvu mahali penye udongo laini. Wauzaji wengi hawajazigusa kwa miaka, na kuzirekebisha ni ghali.

Sita, jihadhari na wanaotafuta magari ya kumbukumbu. Land Cruiser za familia ya 40 zimekuwa zikitafutwa na wakusanyaji duniani, na nzuri zimepanda bei. Anayehitaji gari la kubebea nyasi hana sababu ya kulipa bei ya mkusanyaji. Kinyume chake, aliyeachiwa na babake gari zima lenye injini yake ya asili asikimbilie kulitoa kwa bei ya chuma chakavu wala kulipandikiza injini nyingine kabla ya kupata ushauri.

Uamuzi

Pwani, ambako chumvi hula chuma, Land Rover ndefu yenye chesisi iliyokaguliwa au iliyobadilishwa ndiyo chaguo la busara. Bodi yake itabaki, na chesisi inaweza kutunzwa kwa kupakwa mafuta chini kila mwaka.

Katika nyanda za juu, kwa chama kinachosafirisha mazao umbali mfupi na kilicho karibu na mji wenye mafundi, Land Rover bado inatosha, na hesabu ya mafuta inaitetea. Masharti ni mawili: isilazimishwe kukimbia, na isipakiwe kupita tani moja. Palipo na miteremko mirefu, breki za diski za Land Cruiser zipewe uzito wa kwanza.

Kaskazini, hali ni tofauti. Barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale sasa ina lami, lakini anayeiacha kuelekea North Horr au Loiyangalani huingia katika nchi ambamo kuharibika kwa gari ni suala la maji ya kunywa. Zahanati au shule ya huko inayomsafirisha mama mjamzito usiku haina nafasi ya kusifu urahisi wa kuchomoa shafti gizani. Inahitaji shafti isiyokatika. Hapo Land Cruiser ya dizeli ndiyo ya kununuliwa, hata kama bei yake itachelewesha ununuzi kwa mwaka mmoja zaidi.